Kabla Hujakodi Spika

Mara ya kwanza nilipoandaa taarabu uani kwetu, Mji Mkongwe, nilikodi spika mbili zinazonifika kifuani. Watu arobaini, ua wa kuta za mawe, na spika za uwanjani! Kanuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi, ilipoanza bashrafu, yaani kipande cha ufunguzi kisicho na maneno, tulichosikia ni besi na mluzi wa maikrofoni. Fidla zilizama kabisa. Bibi mmoja jirani, aliyekuja na kiti chake, aliondoka nacho kabla ya wimbo wa pili.

Basi mwenzangu, ukitaka muziki wa laivu mtaani kwako, anza kwa kuzima. Taarabu asilia, ile ya tangu enzi za kuanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa mwaka 1905, ni muziki wa watu waliokaa karibu. Udi wa nyuzi, kanuni, fidla mbili, nai (filimbi ya mwanzi), kodiani na dumbaki (ngoma ndogo ya mkono) vinatosha kujaza ua. Siku hizi namwekea maikrofoni mwimbaji peke yake, tena kwa sauti ya chini. Nimetandika mikeka, na watu wenyewe wanameza mwangwi uliobaki.

Kinachosahaulika zaidi ni kanuni. Ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na hewa yetu ya bahari haizihurumii. Safari moja mpigaji alizikaza vizuri sana chumbani, chini ya feni. Tulipoitoa uani, unyevu wa usiku ukazilegeza, akaanza upya huku wageni wakimtazama mikono. Nilitamani ardhi inimeze. Siku hizi anafika saa nzima kabla ya wageni, anakaa palepale atakapopigia, na hakuna ruhusa ya kumsemesha. Hata chai anawekewa tu pembeni.

Saa ya kuanza ni baada ya Isha, hilo halina mjadala, na Ramadhani usijaribu. Mwambie sheha, kiongozi wa mtaa wenu, mapema, naye atakueleza kama kuna kibali kingine cha kufuatilia. Majirani waendee mwenyewe, mlango kwa mlango. Mimi hubeba sahani ya vitumbua. Sijui kama ni vitumbua au ni heshima, ila hakuna aliyewahi kunigombeza.

Kama una wageni wasioijua taarabu, wadokeze kuhusu taksimu, pale mpigaji mmoja anapobaki peke yake akitunga papo hapo ndani ya makamu, yaani ngazi ya sauti za muziki. Wapenzi wa jazi huelewa upesi, maana na wao wana mambo hayohayo. Wengine hudhani bendi imepumzika, wanaanza kuzungumza. Uani kila neno linasikika, hadi la bei ya samaki.

Halafu pesa. Malipo ya wapigaji na nauli zao patana kabla, usitegemee tuzo. Kutunza ni starehe ya msikilizaji: ubeti umemgusa, anainuka taratibu, anacheza kidogo, anampa mwimbaji noti, anarudi kitini. Weka chenji za elfu moja moja mlangoni, maana mwenye noti ya elfu kumi huona haya kuinuka mara ya pili. Na kubalianeni mapema kama tuzo ni ya mwimbaji au ya kikundi kizima. Sisi hatukufanya hivyo, na mabishano yaliendelea barazani hadi saa saba za usiku, mpiga dumbaki akiwa bado na dumbaki lake kwapani.