Kwa nini siki haishushi pH ya maji yetu ya kisima

Wadau mnaopiga dawa mizabibu na nyanya huku Hombolo na Makutupora, Dodoma, kila msimu nasikia mtu analalamika katia siki kwenye maji ila pH (kipimo cha uasidi, ikishuka uasidi umeongezeka) imegoma kushuka, kisha anasema mita mbovu. Mara nyingi mita ni nzima kabisa, maji yenyewe ndo yana bafa, yaani kitu kinachozuia pH isibadilike ovyo.

Iko hivi, visima vingi huku vina baikaboneti ya kutosha, ile inayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ukimimina asidi, ioni za haidrojeni zinadakwa na baikaboneti inakuwa asidi ya kaboniki, ambayo ni dhaifu, na nyingine inatoka hewani kama kaboni dayoksaidi, kwa hiyo pH inasogea kidogo sana hasa ukiwa maeneo ya 6.4, hapo ndo inakaza kweli. Ni kama mtu mwenye akiba, shida ndogo hazimtikisi. Ila ukikaribia 4.5 baikaboneti imeisha, na hapo kijiko kimoja tu cha asidi kali kinaiporomosha. Maji ya mvua hayana ukaidi huo, kwa hiyo kipimo cha jirani anayekinga mvua usikiige.

Mimi nachukua ndoo ya lita 10 ya kisima kilekile, natia siki kwa sirinji mililita 5, nakoroga, napima, naandika, naongeza tena. Nikifika 6 naiacha dakika chache halafu napima upya, maana kaboni dayoksaidi ikitoka pH inapanda tena kidogo, hili wengi hawalijui. Ndo unazidisha kwa bomba lako la kupulizia la lita 20, dawa inaingia mwisho.

Kwa nini tusumbuke? Dawa za wadudu kama malathion na dimethoate zinavunjika haraka kwenye maji yenye alkali, unapuliza hela hewani. Lakini dawa za kopa (shaba) usizitilie asidi jamani! Kopa inayeyuka kupita kiasi na majani ya mzabibu yanaungua, soma lebo kwanza.

Na mita isetiwe kwa vile vipakiti vya unga vya 4.00 na 6.86, navyo ni bafa pia ndo mana namba haziyumbi hovyo, ila usivikoroge kwa maji ya kisima, na ukishatumbukiza mita usirudishe maji hayo kwenye chupa.