Mapepe ya chini ya suke: homoni za mpunga, maji na chupa ya dukani

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mpunga wako wa aina ya SARO 5 ulitoa masuke marefu, lakini ulipovuna ukakuta sehemu ya chini ya kila suke imejaa mapepe, yaani punje zisizojaa, na muuza pembejeo akakushauri msimu ujao upulizie homoni ya kujaza punje. Nalima mpunga huohuo Usangu, na jambo hili nimelifuatilia kwa karibu.

Kwanza, pasua pepe kwa ukucha. Ukikuta ndani hamna kitu, ua halikurutubishwa, na mara nyingi chanzo ni joto la kupita nyuzi 35 wakati wa kuchanua, baridi mpunga ukiwa na mimba (suke likiwa bado ndani ya shina), au ukame. Ukikuta kipunje chembamba kilichosinyaa, ua lilirutubishwa ila punje haikujazwa, na hapo ndipo suala la homoni linapoingia hasa.

Idadi ya punje huamuliwa mapema, suke likiwa bado limejificha ndani ya shina, na homoni yenye nguvu katika hatua hiyo ni sitokinini, inayochochea seli kugawanyika. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba jeni ya Gn1a hutengeneza kimeng'enya kinachovunja sitokinini. Pale jeni hiyo inapofanya kazi kidogo, sitokinini hubaki nyingi na suke hubeba punje nyingi zaidi.

Lakini punje nyingi si lazima ziwe mavuno mengi. Suke huchanua kuanzia juu kushuka chini kwa takriban wiki moja, na punje za juu, kwa kuwa zimetangulia, huanza kuvuta sukari mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yangzhou, China, walikuta kwamba punje za chini, zinazochelewa, huwa na ethilini nyingi na asidi ya absisiki kidogo kuliko za juu; zote mbili ni homoni za mmea. Udongo ukikauka kwa kiasi wakati punje zinajaa, asidi ya absisiki huongezeka kuliko ethilini, na shina huachia akiba yake ya sukari iende kwenye punje. Ukikauka kupita kiasi, ethilini ndiyo hupanda zaidi, na punje huacha kujaa kabla ya wakati.

Kwa hiyo mimi huacha maji yasimame jarubani tangu mpunga unapobeba mimba hadi umalize kuchanua, maana katika kipindi hicho hata ukame mfupi huharibu chavua. Punje zikianza kuweka maziwa, nayaacha yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, kiwango ambacho IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, inakihesabu kuwa salama, kisha nafungulia tena. Nimechomeka jarubani bomba la plastiki lililotobolewa matundu ubavuni. Ukichungulia ndani unaona maji yamefika wapi. Majani yakikutwa yamejikunja asubuhi, kabla jua halijawa kali, ujue umechelewa kufungulia.

Angalia pia urea yako ya mwisho. Ikiwekwa nyingi karibu na kuchanua, majani na shina hubaki kijani kibichi hadi karibu na mavuno, na ile akiba ya shina hung'ang'aniwa humohumo badala ya kupanda kwenye suke.

Kuhusu chupa ya homoni ya dukani, soma kibandiko ujue ni homoni ipi. Kama ni asidi ya jibereliki, kazi yake kubwa ni kurefusha shina. Mwaka 1926 mtafiti Mjapani Kurosawa alionyesha kwamba miche ya mpunga inayorefuka ovyo inarefushwa na kemikali ya ukungu, na kemikali hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa jibereliki. IR8, aina ya mpunga iliyotolewa na IRRI mwaka 1966, ni fupi kwa sababu jeni yake ya sd1 hupunguza homoni hiyo, na ufupi huo ndio unaoiwezesha kubeba masuke mazito bila kulala. Wazalishaji wa mbegu chotara hupulizia asidi ya jibereliki ili suke litoke vizuri kwenye ala ya jani, na kwao ina maana. Kwenye jaruba la kuvuna chakula, hasa la aina ya Supa ambayo tayari ni ndefu, inaongeza hatari ya mpunga kulala kabla punje hazijajaa.

Naomba upasue mapepe ya pande mbili tatu za shamba, uandike hapa ulichokuta pamoja na wakati uliofunga maji, ndipo tutajua tuanzie kwenye maji au kwenye urea.