Manali hadi Leh Desemba? Soma kwanza yaliyotukuta njia ya Kaza

Mkuu mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Mko wanne, wote mnasoma Punjab, India, mnataka kukodi gari mwishoni mwa Desemba, mpandishe Manali, mtokee Leh huko Ladakh, mcheze na theluji wiki moja kisha mrudi darasani. Unauliza kama kuna Mswahili aliyewahi kufanya hivyo. Walionitangulia wengi wamekujibu "nendeni tu, maisha ni mafupi". Huko mnakotaka kwenda yanaweza kweli yakawa mafupi, kwa hiyo univumilie, nitaandika marefu.

Njia hiyo Desemba haipo. Sisemi ni ngumu, nasema haipo. Barabara ya Manali–Leh inavuka migongo kadhaa ya milima, na pale inapovukia wenyeji hupaita "La", neno la Kitibeti. Baralacha La iko mita 4,890 juu ya usawa wa bahari, Tanglang La imepita 5,300. Theluji ikishalundikana huko juu, BRO, shirika la serikali ya India linalotunza barabara za mipakani, hufunga njia mpaka Machi au hata Mei, kutegemea mwaka ulivyokuwa. Kinachowachanganya watu ni handaki la Atal. Lilifunguliwa Oktoba 2020, lina kilomita 9, linapita chini ya Rohtang, ile sehemu ya mita 3,978 ambayo zamani ndiyo ilikuwa inawakatia watu wa bonde la Lahaul mawasiliano miezi mingi. Siku hizi hali ikiruhusu unaweza kufika Keylong, mji wa Lahaul, hata Januari. Basi mtu anaona video ya gari linatoka handakini kwenye weupe mtupu, anadhani njia imenyooka hadi Leh. Mbele ya hapo kuna ukuta wa theluji.

Leh majira hayo watu huenda kwa ndege, wakishatua ndiyo hukodi gari la wenyeji kupanda Khardung La, mita 5,359, ambayo BRO hujitahidi kuiacha wazi kwa sababu ng'ambo yake kuna wanajeshi. Hiyo ni safari nyingine na mfuko mwingine.

Sisi tulikwenda bonde la Spiti kwa kupitia wilaya ya Kinnaur. Kuna njia mbili za kufika Kaza, mji mkuu wa bonde la Spiti. Ile ya Manali inavuka Kunzum, mita 4,551, na majira ya baridi imezikwa. Ya pili inatoka Shimla, inashuka Rampur, halafu inafuata mto Sutlej na baadaye mto Spiti. Hii ni ndefu, kilomita 400 na ushei kutoka Shimla, lakini inapanda kidogo kidogo na mara nyingi hubaki wazi. Shika hilo neno "mara nyingi".

Tulikuwa watano: mimi, jamaa wa Moshi, Mkenya wa Kisumu, Mpemba mmoja, na mwanafunzi mwenzetu Mhindi wa Ludhiana. Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa gari. Wa Ludhiana ana leseni, akasema tukodi tuendeshe wenyewe, tutaokoa hela. Mjomba wake ni dereva wa malori. Aliposikia alicheka kwanza, kisha akakasirika. Akatutafutia dereva wa huko huko Kinnaur, mzee wa miaka hamsini na kitu mwenye jipu la Mahindra Bolero lililochoka. Tulimwita Bhai-ji, yaani kaka, kama wanavyomwita wote. Ukichukua kitu kimoja tu kutoka kwenye maandishi haya yote, chukua hiki: tafuteni Bhai-ji wenu. Gari kubwa la kifahari halisaidii kitu kama mikono iliyoshika usukani imezoea lami ya tambarare.

Bhai-ji alikuwa na sheria mbili. Hatuondoki kabla jua halijaigusa barabara, na saa tisa alasiri tuwe tumeshapaki. Siku mbili za kwanza tulimwona mvivu.

Theluji mpya kwa kweli haitishi sana, matairi yakiwa mazuri na mwendo mdogo inashikika. Adui ni maji. Mchana jua linayeyusha theluji ya juu, maji yanatiririka na kuvuka barabara, jua likizama yanaganda. Asubuhi unakuta kipande cha lami kinang'aa kidogo kuliko kingine, basi, hakuna dalili nyingine. Na upande wa mlima ambao jua halifiki, kipande hicho hakiyeyuki msimu mzima. Bhai-ji akikaribia kona ya namna hiyo alikuwa ameshashuka gia ya kwanza kabla hatujaiona, mguu uko mbali na breki kabisa, injini ndiyo inashikilia gari. Alituambia ukikanyaga breki pale umeshalikabidhi gari kwa mlima.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, suala la kibali. Ninyi kama mimi ni wageni, na kipande cha kutoka Jangi hadi Sumdo kiko karibu na mpaka wa Tibet, huingii bila kibali maalumu. Sisi tulichukulia Reckong Peo, makao makuu ya Kinnaur, tukapigwa picha palepale, kwa hiyo lazima muwepo wote. Bebeni pasipoti halisi, viza na karatasi ya ukaazi ya FRRO, ofisi inayoandikisha wageni, pamoja na nakala nyingi. Tulifika Peo Jumamosi jioni, ofisi zimefungwa. Uzembe wetu. Tukapoteza siku nzima, japo siwezi kulalamika, maana tulikwenda kulala Kalpa juu kidogo, na asubuhi ukifungua dirisha mlima Kinner Kailash umesimama mbele yako na mita zake 6,050, jua likiupaka rangi kuanzia kileleni kushuka. Mpemba alisema anaelewa kwa nini watu wanauabudu, kisha akaomba radhi kwa Mola wake.

Kabla ya Peo pia mtapita Taranda, mahali barabara ilipochongwa ndani ya jabali. Mwamba uko juu ya kichwa kama dari, chini Sutlej, kati yake na tairi hakuna kingo ya maana. Kuna hekalu dogo hapo, karibu kila dereva anasimama kuomba. Bhai-ji alishuka, akarudi na alama nyekundu kwenye paji la uso. Mpemba wetu alibaki garini anasoma Ayatul Kursi. Gari lilikuwa na ulinzi wa pande zote.

Sasa kisa. Siku ya tano, tumeshapita Nako (karibu mita 3,660, kijiji chenye ziwa ambalo tulilikuta limeganda), tunashuka kuelekea Tabo, kama kilomita sitini na kitu mbele. Baada tu ya Nako kuna korongo la Malling, linalojulikana kwa kuporomosha mawe. Kijito cha pale kilikuwa kimemwagika barabarani na kuganda, kipande kama urefu wa basi mbili, kimeinamia upande wa bonde. Ilikuwa saa nane na nusu. Bhai-ji akasimama, akashuka, akatembea juu yake taratibu, akapiga kisigino mara tatu. Akarudi, akafunga mlango, akasema neno moja: "Kal." Kesho.

Tulimjia juu, sitaficha. Tabo tulishalipia vyumba. Wa Moshi akaonyesha lori la jeshi lililopita mbele ya macho yetu. Bhai-ji akamjibu lori lina tani na lina minyororo kwenye matairi, sisi hatuna tani. Minyororo tunayo, wa Kisumu akasema, tufunge. Mzee akanyamaza, akaanza kugeuza gari.

Hatujamaliza kununa, ikaja gari ndogo ya vijana kutoka mjini, muziki juu, ikaingia. Haikwenda kasi. Ilifika katikati, mkia ukaanza kutangulia pole pole, bila kelele yoyote, kama sahani juu ya meza yenye mafuta. Mungu saidia ikateleza kuelekea ukutani, ikagonga lundo la theluji, ikatulia. Ingeamua upande mwingine nisingekuwa na la kuandika. Bhai-ji alichomoa gunia la majivu na changarawe nyuma ya Bolero (sisi siku zote tulidhani ni mzigo wake wa nyumbani), tukamwaga, tukasukuma, saa nzima. Vidole vyangu havikuhisi kitu. Tukarudi Nako wote, magari mawili, hakuna aliyezungumza.

Usiku ule tulilala kwenye nyumba ya familia, chumba kimoja, jiko la bati katikati na bomba lake likipenya darini. Wanalilisha kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Tukapewa thukpa, supu ya tambi, na chai ya siagi na chumvi. Mpemba alipiga funda la kwanza, akaangalia kikombe kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. La tatu akaomba aongezewe. Choo ni shimo la kukauka, hakuna maji, unamwagia udongo na majivu. Mabomba yote yameganda, maji ni ya ndoo, kwa hiyo habari za kuoga sahauni. Siku sita mimi sikuoga na sikunuka, au tulinuka wote.

Kesho yake tulipita saa tano. Vibarua wa barabara walikuwa wameshapasua barafu kwa sululu na kumwaga udongo. Nilizungumza na mmoja kwa Kihindi changu cha sokoni, ametoka Jharkhand, jimbo la joto kama kwetu, amejifunga shali hadi machoni. Watu hawa ndio wanaotufanya tupige selfi.

Gari usiku: usivute handbreki. Inaganda, asubuhi tairi haziachii. Bhai-ji aliweka gia, akatia mawe kwenye matairi, akafunika boneti kwa blanketi. Dizeli nayo kwenye baridi ile inafanya kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe, inakuwa na ukungu halafu inashikana. Mwaka 2019 Indian Oil walitoa dizeli maalumu kwa ajili ya Ladakh inayovumilia hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, lakini msiitegemee kuipata popote. Asubuhi moja Kaza simu ilisoma -22, mzee akaweka karai la makaa chini ya injini nusu saa, ndipo ikakubali. Msijaribu hilo bila mtu anayejua.

Kuhusu kimo. Wa Moshi ameshafika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, na safari nzima alitukumbusha. Kaza ni kama 3,700 tu, akasema, hapo ni porojo. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo, alikataa. Anasahau kwamba Kilimanjaro alipanda kwa miguu siku sita, waongozaji wakimwimbia pole pole, wakati Spiti unakaa kwenye kiti na gari linakupandisha haraka kuliko mwili unavyojua. Siku tuliyoingia Kaza alilazimisha twende mchana huohuo hadi monasteri ya Key na kijiji cha Langza, ambacho kipo 4,400 hivi. Usiku kichwa kikampasuka, akatapika hadi nyongo. Tulimpeleka hospitali pale Kaza, akawekewa oksijeni, akaambiwa dawa yake ni kushuka.

Kushuka wapi, theluji imeanza. Siku mbili njia imefungwa. Ya tatu tukateremka Tabo, mita 400 chini, akaamka na njaa. Nafuu ya kusubiri ilikuwa monasteri ya Tabo, ya mwaka 996, kuta za udongo, ndani giza na picha za ukutani unazoziona kwa tochi. Kupiga picha hairuhusiwi, na nafikiri ndiyo maana naikumbuka vizuri kuliko mahali pengine pote.

Safari tuliyoipangia siku saba ilikula kumi na moja. Wa Kisumu alikosa mtihani wa vitendo, akaurudia muhula uliofuata. Kwa hiyo ninyi mnaosema wiki moja, hesabuni upya: siku nne za ziada ambazo hamna pa kuzitumia, au msiende. Pesa: gari na dereva tuliwekewa rupia 4,500 kwa siku, mafuta humo humo, tukagawana watano. Kulala na milo miwili rupia 1,200 kwa kichwa. Chukueni noti za kutosha toka Rampur au Peo, maana mbele mtandao unakuja na kuondoka, na malipo ya simu yanaondoka nao.

Ulimalizia kwa kuuliza nguo. Tabaka jembamba nyingi kuliko koti moja zito, soksi za sufu, miwani ya jua (theluji inachoma macho), na chupa ya maji mlale nayo ndani ya blanketi isigande.

Yule wa Moshi yuko humu jukwaani na ataisoma hii. Mpaka leo anasisitiza kwamba kilichomtapisha ni momo za Kaza, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa na kupikwa kwa mvuke.