Mama mwenye maradhi ya kusahau anapoogopa barakoa

Dada, pole. Mama hakufukuzi kwa chuki ukiingia na barakoa kwa sababu ya mafua yako. Maradhi ya kusahau humfanya ategemee uso kukutambua, na barakoa huuficha, tena hufifisha herufi kama s na f.

Mwonyeshe uso kutoka mlangoni, kama mita 2, kisha vaa akikuona. Zima redio, na feni pia, ingawa joto la Mombasa latesa. Ni kwa muda wa maneno tu. Njoo kwa mbele, keti, mwanga wa dirisha ukupige usoni. "Mama, ni mimi mwanao. Uji huu." Ngoja sekunde 10. Usipaze sauti: paji hukunjamana, naye huona hasira.

Akivaa kifaa cha kusikia, barakoa yake iwe ya kufungwa kisogoni. Kamba za masikioni hukingʼoa.