Kuishiwa nguvu baada ya kilomita ya 30

Ndugu, umeuliza kwa nini katika marathoni, yaani mbio za kilomita 42 hivi, ulikimbia vizuri hadi kilomita ya 32, kisha miguu ikawa mizito kama magogo na sehemu iliyobaki ukaimaliza kwa kutembea. Naamini kosa lilianzia katika nusu ya kwanza, ambayo wewe mwenyewe umesema uliikimbia kwa kasi kuliko ulivyopanga.

Mwili huhifadhi sukari ya akiba, yaani glaikojeni, katika misuli na ini, na kwa wakimbiaji wengi akiba hiyo hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi. Kadiri unavyoongeza kasi ndivyo unavyoimaliza mapema, na ikipungua mwili hulazimika kutegemea zaidi mafuta, ambayo hutoa nishati polepole mno kwa mwendo uliouzoea.

Kwa hiyo anza taratibu, hata wengine wakikupita (najua inavyouma), na upate gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa bila kungoja njaa, baada ya kulizoesha tumbo wakati wa mazoezi. Maji unywe kwa kadiri ya kiu, kwani kuyazidisha kunaweza kushusha chumvi katika damu kwa kiwango cha hatari.

Uchovu ukija, fupisha hatua, legeza mabega, na ulenge kituo cha maji kinachofuata badala ya kuwaza kilomita zote zilizobaki. Lakini ukihisi kizunguzungu, kuchanganyikiwa au maumivu ya kifua, tafadhali simama mara moja uombe msaada, maana huo si uchovu wa kawaida.