Hesabu Meno ya Difu Kabla ya Kugusa Injini

Difu (gia ya mwisho inayogawa nguvu kwa magurudumu) niliyonunua Kirinyaga Road, Nairobi, niliambiwa uwiano wake ni 4.78. Niliifunga Ijumaa usiku, Jumapili nikaenda nayo autokrosi (mbio fupi za kona kona) Jamhuri, na kila nikitoka kwenye kona gari likawa zito kuliko zamani. Kuifungua: krauni (gia kubwa) meno 39, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 10. Ni 3.9! Tangu hapo silipi kabla sijahesabu mwenyewe. Gawanya meno ya krauni kwa ya pinioni, basi.

Tofauti si ndogo. Kwa tairi za 185/60 R14 na gia ya pili yenye uwiano wa 2, injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, 3.9 inakufikisha kama kilomita 98 kwa saa, 4.78 inaishia 80. Kwenye kona za karibu karibu hiyo 98 huioni kamwe, kwa hiyo injini inabaki chini, mahali isipokuwa na nguvu. Na sisi wa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo tayari imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu ya hewa nyepesi. Gia fupi, yaani difu ya namba kubwa, ndiyo dawa ya bei nafuu niliyoipata.

Kwa rali nafunga 4.3, maana kule Kajiado barabara hunyooka mbali sana. Mbio za kunyooka za mita 402 ni hesabu nyingine: panga uvuke mstari gia ikikaribia kuisha, usilazimike kubadilisha hatua chache kabla.

Kuhusu difu ya kubana (LSD, inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure), kosa la wengi (na langu) ni kuikaza mno. Mbio za kunyooka huvumilia. Kwenye vumbi, ukiachia pedali ya mafuta kuingia kona, pua inakataa kugeuka. Mimi naiacha ibane ninapokanyaga mafuta na ilegee ninapoachia. Badilisha kitu kimoja, endesha, ndipo uguse kingine. Na oili ya difu hii ni ya aina yake. Ya kawaida huifanya igonge kwenye kona kali.

Wenye Subaru za kuvuta magurudumu manne, tafadhali: uwiano wa jumla wa mbele na wa nyuma lazima ulingane. Rafiki yangu alibadilisha difu ya nyuma peke yake. Hatukufika Athi River. Giaboksi ilianza kunuka tukiwa Mombasa Road.