CT safi si ushahidi kwamba hakuna sumu

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu wa miaka 41 alikutwa asubuhi amefariki kitandani. Tunahofia aliwekewa sumu. Polisi wanataka mwili upasuliwe, lakini mama hataki kabisa. Mtu mmoja ametuambia CT skani inatosha, na tukimtumia picha kwa simu atatusomea. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Si kweli. Huyo mtu anawapotosha.

CT, yaani eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, huona maumbo tu. Mfupa uliovunjika, risasi, damu iliyovuja kichwani: hapo ni hodari, na njia ya risasi mara nyingi tunaiona kabla hatujashika kisu. Sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu haina umbo. Hiyo hutafutwa maabara, katika damu, mkojo, yaliyomo tumboni na majimaji ya jicho. Kila mara naletewa ripoti ya CT isiyo na jeraha, na familia imeshaamua kwamba basi sumu haikuwepo. Ripoti hiyo haikusema lolote kuhusu sumu!

Kinachoniudhi zaidi ni watu wanaosoma picha za maiti kama za mgonjwa aliye hai. Moyo ukisimama, damu hushuka upande wa chini wa mwili. Maiti akilazwa chali, mapafu yake upande wa mgongoni huonekana meupe kwenye picha, na asiyejua huandika nimonia. Mwili ukianza kuoza, gesi hujaa kwenye ini na mishipa, kisha mtu anasema marehemu alidungwa hewa. Mbavu za mbele zilizovunjika kushoto na kulia mara nyingi zimevunjwa na waliomkandamiza kifua wakijaribu kumwokoa. Nimeona ndugu wakituhumiana kupiga kwa sababu ya mbavu kama hizo.

Hata mabingwa hukosea. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu maiti 182 za watu wazima, sababu ya kifo iliyotolewa kwa CT ilitofautiana sana na ya upasuaji katika asilimia 32 ya maiti hizo. Miongoni mwa yaliyokosewa ni ugonjwa wa mishipa ya moyo na damu iliyoganda kwenye mapafu, magonjwa yanayoweza kumuua mtu ghafla usingizini.

Ombeni CT ipigwe kabla ya upasuaji, ikiwezekana mwili ukiwa bado kwenye mfuko wake. Mwambieni mama kwamba mwili hushonwa baada ya uchunguzi. Huyo wa simu msimpe hata senti. CT moja ina mamia ya vipande, naye anataka kusoma picha tatu zilizopigwa kwenye skrini.

La haraka leo: waambieni mochwari wasidunge dawa ya kuhifadhi mwili kabla sampuli hazijachukuliwa. Formalini ikishaingia, vipimo vingi vya sumu huvurugika, na hakuna skani itakayovirudisha.